Msusi Anayelaza Watoto wa Watu

Saa mbili asubuhi, vidole vya msusi vinakimbia kichwani mwa mteja wa kwanza huku midomo yake ikiimba. Ni nyimbo za kulaza watoto, na mteja mwenyewe ameanza kusinzia kitini.

"Dada, kaza shingo," anamwambia akicheka. "Ukilala, nitakusuka upande mmoja."

Mtaani wanamwita Bi Usingizi. Jina lilianza mteja mmoja alipomrekodi kwa simu ili akambembeleze mwanawe msumbufu. Mtoto alilala fofofo. Rekodi ikazagaa, na mume wa msusi, fundi redio, akaziweka nyimbo zake mtandaoni.

Walianza na huduma ya bure ya kusikiliza muziki, ambayo msikilizaji hailipii ila anavumilia matangazo. Watu wakamiminika. Kisha mteja mmoja akaingia saluni macho mekundu.

"Mwanangu ndiyo kwanza anafumba macho, tangazo la sabuni likapiga kelele! Tumekesha naye."

Msusi aliona haya kana kwamba kelele zile alizipiga yeye. Jioni akataka nyimbo ziondolewe.

"Umati wote huo unauacha?" mumewe aling'aka. Walinuniana siku mbili, mpaka mama mkwe wa msusi, aliyemfundisha nyimbo hizo, akakata shauri: "Mtoto akibembelezwa hakatizwi. Basi."

Wakageukia huduma za kulipia. Ile kubwa huchanganya ada zote katika chungu kimoja na kugawa kwa wingi wa kusikilizwa, kwa hiyo mastaa hukomba karibu chote. Wakachagua ndogo, ambamo ada ya kila msikilizaji huwaendea wale tu anaowasikiliza.

"Mwenye kichanga hana muda wa kuchagua wanamuziki," msusi anaeleza. "Ananiweka mimi, ananirudia mimi."

Wasikilizaji wamebaki robo, lakini kinachopatikana kinalipa kodi ya saluni.

"Amenishinda, na nimefurahi kushindwa," anasema mumewe, akipuliza vumbi kwenye kipaza sauti.

Kipaza sauti hicho kina kazi mpya. Msusi anataka mama mkwe naye arekodiwe, kwa sauti yake mwenyewe.

"Anasema sauti imezeeka. Nikamwambia, 'Mama, wajukuu zako sita wamelala kwa sauti hiyohiyo.' Mwezi ujao tunafunga saluni kutwa nzima, tunarekodi."

Bibi amekubali, kwa sharti moja: asukwe kwanza, hata kama hakuna atakayemwona.