Milioni Moja na Moja

Mpaka leo kalamu nyekundu inanitia kinyaa, na mimi ni mwalimu wa hisabati, kwa hiyo sina pa kuikimbilia.

Ilikuwa Ngara mjini, tunasahihisha mtihani wa ujirani mwema wa darasa la saba, ule ambao shule za kule na za kwetu Biharamulo hufanya pamoja. Walimu tulijazwa chumba kimoja, kila mtu na swali lake, karatasi zinapita mkono kwa mkono. Mimi nilipewa la mwisho: Je, 1,000,001 ni namba tasa? Onesha njia. Mwongozo wa kusahihisha ulisema ndiyo, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe.

Aliyelitunga ndiye huyohuyo kiongozi wa jopo letu. Nadhani alijaribu kugawanya kwa 3, ikabaki 2. Kwa 7, ikabaki 2. Kwa 11 na kwa 13, ikabaki 2 tena. Akachoka, akaandika tasa. Namba kubwa namna ile inataka uvumilivu, na huyu bwana uvumilivu wake aliutunza kwa ajili ya chakula.

Nilishapiga vema karatasi nyingi kabla sijafika kwenye mwandiko ninaoujua, wa binti wa darasani kwangu, huko Nemba. Aliandika hapana. Chini yake: 101 × 9,900 = 999,900. Ongeza 101 moja, unapata 1,000,001. Kwa hiyo ni 101 × 9,901. Basi, hakuna kufutafuta. Nilizidisha mwenyewe pembeni, nikacheka peke yangu kwa fahari. Maswali mengine yote alishapata. Hili likipita, ana hamsini kwa hamsini, na shule yetu haijawahi kuiona alama hiyo.

Nikampelekea kiongozi. Alikuwa anakula kongoro. Akapiga hesabu kwenye simu kwa kidole chenye mafuta, akakuta ni kweli, akafutia kioo kwenye suruali.

"Hesabu yake iko sawa, mwalimu," alisema. "Lakini mwongozo umeshapigwa mhuri. Weka kosa."

Akanieleza, huku ananyonya mfupa, kwamba tukimpa huyu tutalazimika kufungua bahasha zote zilizokwisha fungwa, na wakubwa watauliza nani alitunga. Wenzangu walisikia vizuri tu, wakainamia karatasi zao. Nilichukizwa na yale mafuta, na ule mfupa, na visogo vya wale waliojiinamia. Halafu nikarudi kwenye kiti changu nikaweka kosa. Hakuna aliyenishika mkono.

Karatasi ziliporudi shuleni, niliwaandikia wanafunzi masahihisho ubaoni kama mwongozo ulivyosema, maana afisa elimu kata angepita kukagua madaftari. Ni namba tasa, niliandika, kwa herufi kubwa. Wakanakili wote.

Wenzake walipotoka, yule binti alibaki, akaja mezani na daftari lake. Alikuwa amenakili jibu la ubaoni, na chini yake amezidisha upya 101 kwa 9,901, mara nne, na mara zote nne jibu ni lilelile.

"Mwalimu, nimerudia mara nne, sioni nilipokosea," alisema. "Naomba unioneshe."

Nikalipokea daftari, nikainama, nikajifanya natafuta.