Mawimbi Darini kwa Penina

Penina alimpigia simu mdogo wake jua likiwa linazama, na hakupoteza muda kwa salamu.

"Abdiel, njoo uangalie dari langu."

"Lina nini? Linavuja?"

"Halivuji. Njoo tu uone mwenyewe."

Abdiel alikuwa fundi wa dari jijini Arusha, kazi aliyoianza enzi zile bodi zilipokuwa zikipigiliwa misumari na kufunikwa maungio kwa mbao nyembamba. Jipsamu ilipoingia, akajifunza, akaipenda mno. Bodi zinafungwa juu, maungio yanazibwa kwa mkanda na puti, yanapigwa msasa mpaka yapotee, kisha rangi nyeupe. Watu walipeana namba yake kwa sababu moja: akishamaliza, hujui bodi hii imeishia wapi na ile imeanzia wapi. Kwa hiyo dada yake alipostaafu ualimu na kuanza kujenga kijijini Kikwe, nje ya jiji, polepole, chumba kwa chumba, hakutafuta fundi mwingine wa dari. Abdiel alilimaliza na kumkabidhi kabla umeme haujafika.

Kesho yake jioni aliwasha pikipiki, akatoka Kaloleni alikopanga, akaenda. Sebuleni alimkuta Naisula, fundi umeme, akikusanya vipande vya nyaya. Msichana huyo alikuwa amefunga taa za ukutani, zile zenye kikombe kinachotazama juu. Penina akabonyeza swichi.

"Haya. Unaona?"

Abdiel aliinua uso. Aliona weupe tu, laini, kama maziwa.

"Naona dari."

"Acha mzaha. Mchana lilikuwa safi, nilijisifu kwa kila aliyepita. Taa zikiwaka, limejaa mawimbi! Na pale kwenye maungio kuna matuta, utadhani umelima viazi. Jumapili mchungaji anakuja kubariki nyumba hii."

Naisula alisema kwa sauti ya chini, "Taa hizi mwanga wake unapita ubavuni mwa dari, baba. Kilichoinuka hata kidogo kinatupa kivuli."

Abdiel alilijua hilo vizuri. Ndivyo alivyowafundisha vijana wake: shika taa ubavuni mwa dari kabla hujapaka rangi. Hata humo sebuleni, siku ile kabla ya rangi, alimulika tochi mwenyewe, hakuona kitu, akapaka rangi huku akipiga mluzi.

"Basi ng'oa hizo taa," alimwambia dada yake. "Weka moja tu ya kuning'inia katikati, mambo yaishe. Kosa ni la taa zako."

"La taa zangu?"

Chai ilikuwa imeshamiminwa, Abdiel akaondoka bila kuigusa.

Asubuhi hakuweza kukaa. Mkewe Diana alimwekea uji, akaunywa amesimama, akatoka. Aliingia kwenye duka la dawa alilowahi kulifanyia dari, akamwomba muuzaji awashe taa. Safi. Akaenda saluni moja karibu na uwanja wa mpira, akasimama katikati ya wanawake waliokuwa wakisukwa, shingo ameikunja nyuma kama kuku anayekunywa maji. Safi. Moyo ukatulia kidogo. Ila miguu haikutaka kusimama, ikampeleka hadi kwenye nyumba moja ya wageni ambayo dari lake la mapokezi lilizibwa na fundi mwingine baada ya mvua kuliharibu. Hilo dari lilikuwa kituko. Aliwahi kumleta fundi mwenzake, Meshack, makusudi kabisa, wakacheka hadi mhudumu akawafukuza.

Taa zilikuwa zinawaka. Abdiel akaangalia. Dari lile la kituko nalo lilikuwa safi, jeupe, laini kama maziwa.

Alifuta macho kwa mkono wa shati, akaangalia tena. Safi.

Alirudi Kikwe siku ile ile. Penina alimfungulia mlango akiwa tayari kwa ugomvi, lakini Abdiel aliomba ngazi tu. Akapanda, akafumba macho, akapitisha kiganja darini, kutoka ukutani kuja katikati. Tuta. Akasogea. Bonde. Tuta jingine. Alishuka taratibu, akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa.

"Dada, taa hazina kosa. Ni mimi sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni mawimbi. Nimeyagusa, yapo. Macho yangu yana ukungu, tangu mwaka jana, au hata kabla ya hapo. Nilidhani ni vumbi la jipsamu, litaisha."

Penina alijikuta amekaa kwenye kochi jipya ambalo bado lilikuwa ndani ya nailoni.

"Na pikipiki unaendesha?"

"Naendesha."

"Mungu wangu! Lete huo ufunguo hapa."

Jumapili mchungaji alibariki nyumba mchana kweupe, na swichi haikuguswa na mtu. Juma lililofuata, Penina na Diana walimpeleka Abdiel hospitali. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limezidi. Litafanyiwa upasuaji kwanza. Abdiel aliuliza mara tatu kama ataona tena kazi yake. Mara zote tatu daktari akasema ataona.

Bandeji ilipotolewa, cha kwanza alichokiona kilikuwa kanga ya mkewe, ya bluu kali.

"Hiyo umenunua lini?"

"Ni ile uliyoniletea wewe Krismasi ya juzi."

"Mbona ilikuwa ya kijivu?"

Diana alicheka, kisha akageukia dirishani, akajifuta uso kwa ncha ya kanga hiyo hiyo.

Daktari alimkataza vumbi na kubeba mizigo mpaka jicho lipone. Hapo ndipo mateso yalipoanza. Alipelekwa Kikwe, taa zikawashwa, akayaona mawimbi yote. Mtu yeyote angemfanyia hivyo dada yake, yeye angemdai maelezo.

"Nimekufanyia hivi?"

"Umenifanyia," alisema Penina. "Sasa kunywa chai."

Meshack ndiye aliyekuja kurekebisha. Mwenzake akikwangua na kupiga msasa ndani, Abdiel alizunguka nje kutoka dirisha hadi dirisha, pua kwenye kioo, akipiga kelele, "Kushoto! Bado! Rudia hapo!" mpaka Diana akamfuata na kumrudisha chini ya mgomba alikomwekea kiti. Hakukaa. Dari lilinyooka, taa za Penina zikabaki ukutani, kila mtu akaridhika isipokuwa yeye. Zilikuwapo nyumba nyingine alizozimaliza ndani ya ule ukungu.

Akaanza kuzitembelea. Wenye nyumba wengine walimkubalia, akawapelekea Meshack arekebishe. Wengine walishahama. Mama mmoja wa mtaa wa Sakina alimfokea getini, na kabla ya jioni majirani wote walikuwa na habari. Kazi mbili alizoahidiwa mtaa ule zikaota mbawa. Hata hivyo hakuacha.

Huko Kikatiti alimkuta mteja wake mwingine, Mzee Nathanael, akijiandaa kula.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, fundi. Karibu mezani."

"Naomba kwanza uwashe taa."

Ikawaka. Mawimbi yalianzia mlangoni, yakakatiza sebule nzima.

"Hayo niliyaona siku ya kwanza," alisema mzee.

"Mbona hukunipigia?"

"Nilidhani ndivyo jipsamu ilivyo. Baadaye tukazoea. Mke wangu anasema yanafanana na mawingu."

"Nitayaondoa, mzee. Sitaki chochote kwako."

"Na viti nivipeleke wapi? Tule vumbi mwezi mzima kwa ajili ya mawingu? Acha, kijana wangu. Kaa ule."

Abdiel alikaa. Alinawa, akamega ugali, akauminya, akaushika tu mkononi. Macho yalishapanda juu, yakifuata tuta moja kutoka kwenye taa mpaka kona ya dirisha, yakitafuta mahali pa kuanzia kukwangua.

"Kula, fundi," mzee alisema, akimsogezea bakuli la mboga. "Chakula kinapoa."