Marehemu Aliyekaa Kiti cha Mbele

Mwaisha alimuua baba yake kwa kalamu, mwaka wa kwanza chuo cha ualimu, na akapewa alama za juu kuliko wote. Insha ilihusu mzazi. Darasa zima lililia, likasimama dakika moja kumkumbuka marehemu, na yeye akasimama nao. Wakati huo Mzee Issa, marehemu mwenyewe, alikuwa kwao Nanyamba akipulizia mikorosho salfa, unga wa kuzuia ukungu.

Njia ya mwongo ni fupi, ingawa ya Mwaisha ilichukua miaka miwili. Siku ya wazazi, Mwalimu Rozalia alitaka kila mwanachuo asome insha yake ya kwanza, kisha aeleze amekua vipi katika uandishi. Mwaisha hakumwalika mtu. Chuo ndicho kilichotuma ujumbe, kwa namba iliyokuwa kwenye fomu ya kujiunga.

Basi mzee akaja, kanzu imepigwa pasi, mfuko wa korosho kwapani. Pendo, aliyekaa bweni moja na Mwaisha, akamuuliza mlangoni mwa ukumbi, "Huyu nani? Mbona mmefanana hivi?"

"Baba mdogo," Mwaisha akajibu.

Mzee Issa alisikia. Alikwenda kukaa mbele kabisa, akatazama sakafu.

Jina la Mwaisha likaitwa. Alikuwa na karatasi mbili: insha, na maelezo matamu kuhusu msamiati wake ulivyopanuka. Angezisoma zote mbili kama zilivyo, angetoka salama. Alisoma insha mpaka pale baba anapokata roho, akaishia hapo. Karatasi ya pili akaikunja.

"Haya niliyosoma ni uongo," akasema. "Baba yangu ni yule pale, na leo nimemkana mlangoni. Nilimuua kwa sababu sikujua kumwandika akiwa hai. Anaamka, anapulizia mikorosho, anakohoa, analala. Nikaona hapo hakuna habari."

Pendo aliziba mdomo. Mzee Issa akainuka, na Mwaisha akajua anaondoka, na kwamba ana haki.

Lakini mzee alimsogelea.

"Hicho kikohozi ni cha salfa," akasema. "Na salfa hiyo ndiyo iliyokulipia ada hapa. Hilo umeliandika?"

"Hapana, Baba."

"Basi hujamaliza. Rudi kaandike."