Bugaluu Niliyovaa Kwenda kwa Bibi

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Habari ilitufikia kijijini kwetu Pito kwamba bibi yangu, aliyehamia kijiji cha mbali ng'ambo ya vilima, yu taabani na anamwita mwanawe. Mwanawe huyo ndiye baba mdogo Leonsi, aliyenilea. Matope yalikuwa yamefunga barabara, hakuna lori lililopita. Tukaamua kwenda kwa miguu.

Baba mdogo akanitolea suruali yake ya pili, ya tetroni nyepesi iliyofumwa kwa kubana. "Vaa hii. Haipitishi upepo, na ikilowa inakaukia mwilini."

Mimi nilikuwa na suruali mpya ya bugaluu ya jinzi, imeshonwa mjini, Majengo, miguu mipana kama sketi. Nikamjibu, "Baba mdogo, hiyo ni karatasi. Baridi ya huku inataka nguo nzito." Ukweli ni kwamba sikutaka binamu zangu wa huko kwa bibi wanione na nguo ya kuazima. Mkataa pema, pabaya panamwita.

Mvua ilitukuta uwandani, hapana mti wala nyumba. Bugaluu ikanywa maji, pindo zikazoa matope, kila hatua nikawa kama navuta gogo. Kisha ukaja upepo wa Ufipa, nawe unaujua. Miguu ikafa ganzi. Mwisho nikaketi njiani, nikasema nina usingizi.

Suruali ya baba mdogo ilikuwa imeshaanza kukauka. Peke yake angefika jioni ile. Aliitazama njia, akanitazama mimi, akanibeba mgongoni hadi kibanda cha kulindia shamba, akawasha moto.

Tulifika kesho yake. Shangazi alitupokea mlangoni. "Amekuita mpaka alfajiri, kaka," akasema, akatuongoza hadi alipolazwa bibi, amefunikwa shuka mpaka usoni.

Nilipiga magoti kuomba radhi. Baba mdogo akaniinua. "Ningekuacha, ningewazika wawili." Hakulitaja jambo hilo tena mpaka anaingia kaburini. Mimi ndiye niliyebaki nalo.

Basi, mwanangu, safari ya mvua na upepo ichagulie suruali nyepesi, iliyofumwa kwa kubana, isiyoburura chini, inayokauka upesi. Nguo nzito ikilowa hukunyang'anya hata joto ulilozaliwa nalo. Na mkubwa akikupa yake, pokea kwa mikono miwili. Fahari yako isimcheleweshe mwenye safari.

Mungu akupe miguu myepesi, akufikishe kwa wanaokuita wangali hai.