Shule Ilipofungwa kwa Kipindupindu

Kipindupindu kilituingilia wakati wa kiangazi, upepo ukivuma mchana kutwa na vumbi likiingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Tulizoea kusikia habari zake wakati wa mvua, tena sehemu za mbali. Mwaka ule kilikuja kwetu, na hatukuwa tumejiandaa kwa lolote.

Nilikuwa nafundisha darasa la saba katika shule ya msingi ya kijiji kimoja kusini mwa mji wa Dodoma, upande wa kwenda Mvumi. Mimi ni mtu wa Kondoa. Serikali ilinipeleka kijijini pale nikiwa msichana mbichi kutoka chuo cha ualimu, nikaolewa nikiwa huko, na mwaka ninaousimulia binti yangu mkubwa alikuwa mmoja wa wanafunzi wangu wa darasa la saba. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi ya serikali mjini na alirudi nyumbani mwisho wa juma.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara huria. Sabuni na sukari tulizokuwa tukizipangia foleni zilijaa madukani, ila mambo mengi ambayo serikali ilikuwa ikiyafanya sasa yaligeuka kuwa ya michango. Dizeli ya mashine ya maji ilikoma kuletwa, mashine ikasimama, na watu wakarudi kuchimba visima kwenye mchanga wa korongo, mahali ambapo na ng'ombe walinywa. Choo cha shule kilikuwa kimetitia mvua zilizopita. Watoto wakibanwa walikwenda vichakani, nyuma ya shamba la shule. Jambo hilo tulilizungumza kwenye vikao vya walimu hadi tukachoka kulizungumza.

Mtoto wa kwanza kufa alikuwa mvulana wa darasa la tatu. Mama yake aliuza togwa na maandazi karibu na shule wakati wa mapumziko, mwanamke mrefu, mpole, ambaye walimu wote tulipokea chenji mkononi mwake na kumsahau hapo hapo. Mtoto alianza kuharisha alfajiri, na jua lilipokuwa la utosi alishakata roho juu ya mkokoteni wa ng'ombe, njiani kuelekea kambi ya wagonjwa. Watu wa afya walimzika wao wenyewe. Walimfunga kwenye plastiki, wakamwaga chokaa kaburini, na mama alisimamishwa mbali pamoja na sisi wengine. Hakuruhusiwa kumwosha mwanawe. Nilikuwepo, na hadi leo sijui nieleze vipi jinsi alivyosimama.

Wiki hiyo hiyo bwana afya alifunga shule. Alipiga marufuku pombe za kienyeji, ngoma, matanga, na chakula chochote cha kuuzwa kikiwa kimepikwa. Watu waliacha kupeana mikono. Kwa Wagogo, ambao salamu yao ni ndefu na ina adabu zake, hilo lilikuwa gumu kuliko marufuku ya pombe. Wazee walikutana njiani, wakasimama mbali, wakaitana "mbukwenyi" kwa sauti ya chini kana kwamba wanaona haya.

Ndipo maneno yakaanza kwamba ugonjwa umeletwa na togwa ya yule mama. Nilimsikia kwanza mwalimu mwenzangu akisema, kisha nikayaona kwa macho yangu huko korongoni. Yule mama alipofika na ndoo yake, wanawake waliokuwa wakichota walivuta ndoo zao pembeni, mmoja baada ya mwingine, bila kumtazama. Alichota, akajitwisha, akaondoka.

Wagonjwa walipungua taratibu, lakini shule iliendelea kufungwa, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa unakaribia. Mfanyabiashara mmoja wa pale kijijini, mwenye duka na lori, alikuwa na binti katika darasa langu. Alimpata mmoja wa walimu wetu, akafungua tuisheni kwenye stoo yake ya mahindi kwa watoto ambao wazazi wao wangeweza kulipa. Binti yangu aliomba naye aende. Nilipita pale siku moja, nikawaona watoto wamebanana kati ya magunia, na pembeni ndoo moja ya maji yenye kikombe kimoja. Nikamkatalia.

Baba yake alipokuja tuligombana kwa sababu hiyo. Alisema mimi ni mwalimu wa mtoto huyu na ndimi ninayemfanya aachwe nyuma na wenzake. Nikamwambia nimemwona mtoto akizikwa kwa chokaa, yeye hakumwona. Hakukubali. Tulilala kila mtu ameangalia ukuta wake.

Katikati ya hali hiyo mwalimu mkuu aliitisha mkutano wa wazazi na walimu. Alikuwa mzee mtaratibu aliyekaribia kustaafu, asiyependa kelele. Mratibu wa elimu wa kata alikuwa ameleta habari kwamba shule zisizo na mgonjwa mpya zinaweza kufunguliwa, bwana afya akiridhia na wazazi wakikubali. Sisi walimu tulikaa kwanza peke yetu. Wenzangu wote walitaka darasa la saba warudi mara moja. Mwalimu mkuu akaniomba mimi, kwa kuwa ndimi mwalimu wa darasa hilo, nizungumze kwa niaba ya walimu. Nikamwambia nitasema ninachokijua. Akanitazama kidogo, akajibu, "Sema tuliyokubaliana."

Tulikutana uwanjani, kwenye kivuli cha ukuta wa madarasa, watu wamekaa mbalimbali kama bwana afya alivyoagiza. Upepo ulikuwa mkali hata ikabidi kila msemaji apaze sauti, na kwa hiyo maneno yote yalisikika kama ugomvi kabla hayajawa ugomvi.

Yule mfanyabiashara alizungumza mapema, na lazima niseme ukweli, alizungumza vizuri. Alisema watoto wa shule za mjini wanasoma na wetu wanachunga mbuzi. Mtihani ni mmoja tu, nafasi za sekondari ni chache, na mtoto wa mkulima akianguka hapo hana mlango mwingine. Alisema ugonjwa umeondoka na kinachowakalisha watoto nyumbani sasa ni woga. Wazazi wengi walitikisa vichwa kukubali. Baba mmoja akaongeza kuwa binti zao wakikaa sana nyumbani wataanza kuposwa, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Kisha yule mama akasimama. Wengi hawakujua kama yupo, maana alikuwa amekaa nyuma kabisa. Aliomba shule isubiri hadi choo kichimbwe na mashine ya maji iwashwe. Hakusema zaidi ya hapo. Mfanyabiashara alimgeukia bila hata kunyanyuka.

"Wewe mama, ungekaa kimya," alisema. "Togwa yako ndiyo iliyotuletea haya."

Mwalimu mkuu aliinamisha kichwa kama hakusikia. Yule mama hakulia wala hakupandisha sauti. Alizungumza Kiswahili chake cha polepole, cha mtu anayefikiri kwa Kigogo.

"Mwanangu aliinywa. Mimi niliinywa. Binti yako aliinywa, anajua mwenyewe. Maji nilichota pale anapochota mkeo." Akawageukia wote. "Sikuja kutetea togwa. Nataka mtu aniambie, mtoto akibanwa na haja hapa shuleni, anakwenda wapi?"

Aliendelea kusimama, akisubiri kweli kujibiwa. Mratibu alitazama karatasi zake. Mwalimu mkuu akanitazama mimi, na nikajua ananiita niseme yale tuliyokubaliana ili mkutano uvuke pale.

Nilisimama. Nikashika ukuta nyuma yangu. Nilimjibu yule mama kwamba watoto wanakwenda vichakani, wasichana na wavulana, kisha wanarudi darasani bila kunawa kwa sababu maji ya kunawa hayapo. Nikasema hata darasa la saba peke yao wakirudi, watakwenda huko huko. Na nikasema mimi sitaingia darasani mpaka choo kiwe kimekwisha.

Mratibu akaniuliza, "Mwalimu, unazungumza kama mzazi au kama mwalimu?"

"Binti yangu yuko darasa la saba," nikamjibu. "Siwezi kuyatenganisha hayo mawili."

Akasema mtumishi wa serikali hachagui siku ya kuingia kazini. Nikamwambia naelewa. Nikakaa, na walimu wenzangu waliokuwa karibu yangu walitazama mbele kama hawanijui.

Baada ya hapo watu walizungumza wote kwa pamoja. Wapo waliosema walimu ni wavivu, hawataki kazi. Wapo waliosema choo ni kazi ya serikali. Wanawake ndio waliogeuza mkutano. Mmoja alisimama akasema na yeye anataka jibu la lile swali, kisha mwingine, kisha wakawa hawaombi tena nafasi ya kusema. Mfanyabiashara alikuwa amekasirika waziwazi. Mwishowe alinyanyuka akasema lori lake litaleta magogo na pipa la dizeli atalitoa yeye, lakini choo kikiisha asisikie tena habari ya kusubiri. Mwalimu mkuu alidaka maneno hayo kabla upepo haujayachukua, akauliza kama wote wanakubali, akafunga mkutano.

Ardhi ya kwetu wakati wa kiangazi ni kama saruji. Sururu ziliruka na kutoa cheche, na kazi tuliyodhani itakwisha upesi ilisuasua huku mtihani ukisogea. Wanaume walipokezana kwa vitongoji. Walimu wa kiume nao walichimba, na tuisheni ya stoo ikafa kwa sababu mwalimu wake alikuwa shimoni. Ofisini hakuna aliyenisemesha zaidi ya salamu. Mume wangu aliporudi Jumamosi alikuwa ameshasikia yote kituoni alikoshukia. Alikula, akalala. Asubuhi alivaa suruali ya zamani, akauliza sururu iko wapi, akaenda kuchimba na wenzake.

Mfanyabiashara naye alishuka shimoni siku kadhaa. Yule mama alikuwa akija na kukaa kando, mbali kidogo na wachimbaji. Sikuwahi kumsikia yule bwana akimwomba radhi, na nadhani hakuomba. Lakini siku moja mkewe alimpelekea yule mama kibuyu cha maji, akakaa naye kidogo.

Choo kilipokwisha na maji kutoka bombani, bwana afya alikagua akaridhia, na darasa la saba wakarudi. Kila mtoto alikuja na chupa yake ya maji yaliyochemshwa. Nilifundisha huku jicho moja likiwa mlangoni. Mtoto akitoka, sikutulia mpaka arudi na mikono yake ikiwa imelowa.

Muda mfupi kabla ya mtihani, nikiwa naandika ubaoni, nilisikia viti vikikwaruza sakafu. Niligeuka nikakuta wanafunzi wamerudi nyuma wote, na binti yangu amebaki peke yake, ameinama, ametapika kwenye dawati. Nikamkumbuka yule mvulana kwenye mkokoteni. Nilimbeba mgongoni, msichana karibu anilingane kimo, nikamtoa nje, na mwalimu mmoja wa wale walioacha kunisemesha akaja na baiskeli bila kuombwa. Tulimpeleka kambini.

Mganga wa kambi alimpima, akatuweka kwa muda mrefu akimwangalia, kisha akasema ni malaria. Nilimuuliza tena. Akarudia, akampa dawa.

Nilirudi shuleni peke yangu, kwa miguu, nikiwa nimemwacha mtoto nyumbani apumzike. Habari ilikuwa imenitangulia. Wazazi walikuwa wamejaa mlangoni mwa darasa, wengine wameshika watoto wao mikono tayari kuondoka, na mwalimu mkuu katikati yao akijaribu kusema. Mfanyabiashara alikuwa mbele kabisa, binti yake ubavuni.

"Ni malaria," nikawaambia. "Mganga wa kambi amempima."

Mama mmoja alisema walimu watasema lolote ili shule isifungwe. Mfanyabiashara alinitazama usoni kwa muda, tena kwa macho makali.

"Ingekuwa kipindupindu, ungetuambia?"

"Ningeifunga shule mimi mwenyewe," nikasema.

Akamwambia binti yake arudi akakae. Msichana akaingia darasani, na wengine wakamfuata kwa kusitasita. Si wote. Wachache walichukuliwa nyumbani na hawakurudi mpaka siku ya mtihani.

Matokeo yalipotoka, waliochaguliwa kwenda sekondari ya serikali walikuwa wachache sana, na binti wa mfanyabiashara alikuwa mmoja wao. Wangu hakuchaguliwa. Tulimtafutia shule ya kulipia mjini, moja ya zile zilizokuwa zikiota kila mahali miaka ile, na haikuwa rahisi kumsomesha. Mume wangu alisema mara moja tu, tukiwa tumekaa nje, kwamba labda angekwenda tuisheni. Hata sasa sijui kama alikosea. Mratibu aliniandikia onyo likaingia kwenye faili langu, likakaa humo.

Januari, shule nzima ikiwa imefunguliwa na mimi nikiwa nimehamishiwa darasa la kwanza, yule mama alikuja akiwa na msichana mdogo wa kuandikishwa darasa la kwanza. Sikuwahi kujua kama ana mtoto mwingine. Alinisalimu, akaomba kwanza aone choo. Niliwasindikiza hadi mlangoni, wakaingia wote wawili. Walikaa ndani kitambo. Walipotoka alimnawisha mtoto mikono kwenye pipa, akaikausha kwa kanga yake, kidole kwa kidole.

"Mwalimu, nakuachia huyu," alisema.

Mtoto alikuwa anaogopa, amemng'ang'ania mama yake. Ilichukua muda hadi akanifuata. Nilimtafutia nafasi karibu na dirisha, na mama yake akabaki amesimama nje, akitutazama, hadi somo la kwanza lilipoanza.