Udongo Ulioamka Saa Nane

Jumanne, tarehe kumi na mbili Shaabani. Vumbi tangu alfajiri, jua limepauka kama sahani ya bati. Nimerudi jana kutoka Jeddah, na nataka niandike yaliyotokea kabla sijaanza kuyapamba. Shule yangu ni chuo cha Kurani na darasa la nne la Unguja. Mtu akiona mahali nimejipendelea, pale asiniamini.

Nalinda ghala la baridi la kafili wangu, tajiri aliyenidhamini, mtaa wa Al-Sulay hapa Riyadh. Ghala ni la kuku wa kugandishwa, lakini miaka hii ya mafuta kila kitu huagizwa, hata matope. Miaka mitatu nyuma alikuja daktari, si wa wagonjwa, wa udongo, kutoka nchi za kaskazini kabisa. Wakubwa walimwajiri apime mchanga wa jangwani. Akaja na mabomba ya udongo mweusi wa kinamasi, umeganda kama chuma. Alitueleza kwamba kwao ardhi hiyo imeganda tangu kabla ya watu, na sasa inayeyuka kidogo kidogo na kutoa hewa isiyo na kheri, naye anaifuatilia tangu ujana wake. Hakuwa na moyo wa kuiacha. Kafili akamwambia mafi mushkila, hakuna taabu, ghala lipo. Udongo ukapangwa rafu ya chini, kuku juu.

Kazi yangu ikawa kusoma kipimajoto mara tatu kwa siku na kuandika daftarini: saa 1, saa 8, saa 12. Sikuruka siku, hata Idi. Siku aliyozaliwa binti yangu tu ndiyo niliandika "sikusoma", nikatia sahihi.

Daktari alinisifu kupita kiasi. Msimu wa baridi aliniletea koti zito na tochi, akanishika bega kwa huruma kama ashikwavyo mfiwa. Nilidhani ndiyo adabu ya kwao. Koti mke wangu analitandika chini ya godoro.

Mwaka huu daktari akagundua jambo. Akaalikwa alisome mbele ya wageni kwenye hoteli ya Jeddah. Kafili akashona joho jipya na kunichukua nibebe daftari. Ikama yangu, kibali cha kukaa nchi hii, inakwisha Ramadhani, na alikuwa amesema ataitia sahihi tukirudi, ikiwa ameonekana mtu mbele za watu. Tuliondoka Unguja mwaka wa sitini na nne. Mimi sina pa kurudishwa.

Ukumbini, kabla watu hawajaingia, nikaona mchoro wa namba zangu ukutani. Penye 1 palichorwa mwezi na nyota. Penye 8 jua linachomoza. Penye 12 jua la utosini. Daktari akanieleza kwa furaha: udongo hupata joto asubuhi, ukapoa adhuhuri, wakati Riyadh nzima inaungua. Unafuata jua la kwao. Unakumbuka.

Hapo nikalielewa koti. Mshale wa saa ukiwa kwenye saba, sisi tunasoma saa moja. Saa nane yangu ni ya mchana, kichwa kikichemka. Yeye miaka mitatu ameamini kwamba naamka usiku wa manane kumsomea kipimajoto.

Nakiri nilikwenda kwanza kunywa maji. Nikanywa mara mbili. Nikaifikiria ikama, kisha nikarudi.

"Daktari, mimi usiku nalala."

Hakunielewa. Nikamwonyesha saa ya mkononi, nikamhesabia kwa kidole. Akakaa kitako.

"Miaka mitatu?"

"Miaka mitatu. Lakini joto ni la kweli, sikuongeza wala sikupunguza."

"Basi saa nane hiyo, kwa nini joto linapanda?"

Hilo nalo ilibidi niseme. Saa nane ni chakula cha mchana. Nje hapakaliki, kwa hiyo wafanyakazi wote huingia ghalani na birika na masufuria ya wali, wanakaa wakiegemea mabomba yake. Mimi mmojawao.

Nimtendee haki: hakunifokea. Alisimama mbele ya watu akasema kwa Kiingereza kwamba amekosea saa, kwamba udongo haukumbuki kitu, unapashwa na wali. Lakini mkalimani alikuwa amekwisha kuandikiwa tafsiri tangu Riyadh, akaisoma ilivyo. Waliosikia Kiingereza wakakohoa. Waliosikia Kiarabu, yaani karibu wote, wakapiga makofi, na mzee mmoja akajifuta machozi kwa udongo usiosahau kwao. Kafili akapokea pongezi mpaka joho likakunjamana.

Leo asubuhi ameitia sahihi ikama yangu. Nilimwambia ukweli wote. Akasema, "Khalas, yamekwisha, wewe soma kipimajoto." Daktari naye anaongeza sita kwenye kila saa ya daftari zima, na ametia kufuli mlango wakati wa chakula. Tumekula nje, katika vumbi, na wenzangu wameniuliza nani alinituma kusema.

Kafili amempa kila mfanyakazi kuku mmoja kwa furaha yake. Wangu alikuwa na barafu tumboni. Nikamwambia mke wangu barafu itayeyuka, tutakula saa mbili.

"Saa mbili ya nani?" akauliza, na hajaacha kucheka.

Tulikula saa tatu, yetu: kuku wa kukaanga na wali, na achari ya ndimu.