Karatasi Niliyoiacha Ndani ya Kiondo

Harufu ya pareto inayokauka haifanani na nyingine. Ni chungu kidogo, inakwaruza puani, na mtu aliyekulia huku juu Molo akiisikia hata leo, atasimama tu bila kujua kwa nini amesimama. Msimu ninaousimulia, maua yalikuwa yameanikwa kwenye magunia mbele ya kila nyumba, jua la Januari likiyakausha na baridi ya asubuhi ikiuma masikio. Wazee kwa kina mama walikuwa na neno moja tu midomoni: kura ya kugawana ardhi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Kabla sijafika huko, nijitambulishe, maana sina aibu. Niliacha shule darasa la sita. Leo malori yangu yanabeba viazi kutoka Molo, yanapita Gilgil usiku na mchana, na polisi wa barabarani wanayajua kwa rangi. Nina nyumba Milimani, pale Nakuru, ambayo wageni huipiga picha kabla ya kubisha hodi. Wenye digrii wananiita boss, nami sahihi yangu ni jina moja tu. Na kila mwaka, kutoka mfukoni mwangu, nalisha na kulaza vijana wiki nzima katika ukumbi wa shamba letu ili wafundishwe uongozi wa haki kwa jina la Mzee Mbaria. Hata picha yake iliyo ukutani ni mimi niliyeichoresha. Mchoraji alimvisha tai. Mzee Mbaria hakuvaa tai maisha yake yote. Alivaa koti la mvua la Mzungu lililokatwa mikono.

Alikuwa nyapara wa ng'ombe wa maziwa wakati shamba lilipokuwa la Mzungu. Mzungu alipotaka kuuza aondoke, ni yeye aliyezunguka nyumba hadi nyumba akiwashawishi vibarua wenzake walinunue kwa pamoja. Siku ya kuligawa, kila mwanachama alipata nambari ya kipande chake kwa karatasi iliyochomolewa kwenye kiondo, lakini yeye alikataa ya kwake ichomolewe kabla wote hawajamaliza. Karatasi iliyobaki ilimpeleka kwenye mawe matupu, mahali ambapo jembe lilikuwa likitoa cheche. Akajenga hapo, akazeekea hapo, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Tangu hapo ikawa sheria ya shamba letu kwamba mwenyekiti huchukua ya mwisho. Alipofariki, wakaanzisha Siku ya Mzee. Sisi watoto tulipangwa mstari, tukaikariri sheria hiyo kwa sauti, kisha mmoja wetu akachaguliwa kuwagawia wenzake chakula na yeye kula mwisho. Mwaka mmoja nilichaguliwa mimi. Nilikula ukoko wa sufuria nikajiona mkubwa kuliko mkuu wa wilaya.

Aliyeshika uenyekiti baada yake alikuwa baba yangu. Mwaka huo wa kura, wapima ardhi walikuwa wameupima upya upande mmoja wa shamba, kuanzia chini hadi mpakani mwa msitu, kule watu walikokuwa wamejenga ovyo bila mipaka. Kamati ikaamua wote wa upande ule, baba akiwa mmoja wao, wachomolewe nambari upya, kila mtu ahamie itakapomwangukia. Kipande nambari saba ndicho kilichokuwa kinono: udongo mweusi, chemchemi isiyokauka, barabara ya gari hapo hapo. Aliyekuwa akiishi juu yake ni Mama Wambui, mjane ambaye mumewe aliangukiwa na mti akipasua mbao. Mwaka mmoja kabla ya kura, surua ilimchukua mtoto wake mdogo wa kiume, naye akamzika karibu na ile chemchemi, akaweka mawe matatu juu. Alienda mbele ya kamati akaomba aachwe tu pale alipo. Hakutaka udongo wala maji, alitaka asitenganishwe na mawe yale. Kamati ikamjibu kwamba sheria ni moja kwa wote. Baba ndiye aliyelisema jibu hilo, tena kwa upole.

Kwetu, anayechomoa karatasi si mwenye shamba. Ni mtoto, kwa sababu mtoto hana upande. Huoshwa mikono mbele ya watu, kisha huchomoa kwa niaba ya kila anayeitwa. Mwaka ule mtoto nilikuwa mimi. Asubuhi ya siku yenyewe baba aliniita kwenye banda la ng'ombe nikiwa nimeshika ndoo, akanionyesha karatasi moja iliyokunjwa. Kwenye mkunjo wake palikuwa na tone la nta ya mshumaa, dogo kama punje ya mtama.

"Ukiigusa hii, iache ndani," akasema. "Chomoa nyingine."

Nikamuuliza itakuwa ya nani.

"Itakayobaki ni ya mwenyekiti. Si ndivyo Mzee Mbaria alivyotufundisha?"

Sitajisingizia uchungu ambao sikuusikia. Nilifurahi. Baba hakuwa mtu wa kuzungumza na watoto, na sasa alikuwa amenipa siri ya watu wazima. Nilikamua ng'ombe nikipiga mluzi.

Watu walikusanyika uwanjani mbele ya nyumba ya zamani ya Mzungu, vumbi likipanda kila mtu alipohamisha mguu. Nikaoshwa mikono. Majina yakaitwa, nami nikachomoa, na kila mara vidole vyangu viliikuta ile nta vikaipita. Haikuwa kazi ngumu. Wengine walishangilia, wengine wakaenda zao kuangalia bikoni za mipaka yao. Kisha akaitwa Mama Wambui. Alikuja amemshika binti yake Wambui mkono, akasimama karibu nami hata nikasikia moshi wa kuni kwenye nguo zake.

"Chomoa polepole, baba," akaniambia. Kina mama wa kwetu huita hata mtoto hivyo. "Wewe unajua nilipomlaza mwanangu."

Nilijua. Nilikuwa mmoja wa watoto waliobeba mawe yale matatu kutoka mtoni. Nikaingiza mkono, na karatasi ya kwanza niliyoishika ilikuwa yenye nta. Nikabaki nimeishika. Ningeitoa tu, na hakuna mtu duniani angeweza kunilaumu, hata baba. Angesema nini mbele ya watu wote? Mzee mmoja wa nyuma akauliza kama ninatafuta samaki, watu wakacheka. Baba akakohoa, mara moja. Nikaiacha, nikatoa nyingine. Ilimpeleka Mama Wambui juu kabisa, mpakani mwa msitu, ambako baridi huchoma viazi kabla havijatoa maua.

Ilipobaki moja ndani ya kiondo, baba alivua kofia, akaipokea, akaifungua. Saba. Watu walimpigia makofi. Nakumbuka bibi mmoja akilia kwa furaha, akisema kwamba Mungu amemlipa mtu aliyekubali kuwa wa mwisho.

Mama Wambui alikuja kwetu kabla ya kuhama. Aliomba hatua tatu tu za ardhi, mahali pa mawe, pasiguswe. Baba akakubali mbele ya mashahidi, na msimu wa kwanza alipazungushia fito. Msimu wa pili akakodi trekta, na dereva wa trekta hakuambiwa kitu. Yale mawe nikayaona baadaye kwenye msingi wa banda jipya. Mama Wambui alishuka mara moja, akasimama nje ya ua kwa muda mrefu, kisha akapanda kurudi kwake. Alifia kule juu, nami nilikuwa nimeshaota ndevu.

Huwa najisifu kwamba nimejitengeneza mwenyewe. Ukweli ni kwamba lori langu la kwanza lilitoka kwenye viazi vya nambari saba. Baba alinirithisha kipande kile, na miaka yote hii sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nikajenga ukumbi, nikanunua viti, nikachoresha picha. Mwaka jana walimu wa mafunzo walimwalika mama mmoja azungumze na vijana, muuguzi kutoka Gilgil aliyezaliwa shambani kwetu. Alikuwa Wambui. Alizungumza vizuri kuliko mimi, na alimsifu Mzee Mbaria kwa maneno ambayo bila shaka aliyasikia kwa mama yake. Alipomaliza nilimwita kando, nikamwambia yote: nta, kikohozi, kila kitu. Kisha nikampakia kwenye gari langu nikamshusha hadi nambari saba, nikamwambia ni yake, kesho twende kwa wakili.

Hakupandisha sauti. Akatazama viazi vilivyokuwa vimejaa mpaka barabarani.

"Nionyeshe alipo ndugu yangu," akasema.

Nikatembea. Nikasema hapa, kisha nikasema hapana, kule. Chemchemi yenyewe baba alikuwa ameizika kwa mabomba, na ua umehamishwa mara mbili. Vibarua wangu wakaacha kuchimba wakawa wananiangalia, mtu mzima, mwajiri wao, nikizunguka kati ya matuta kama aliyedondosha ufunguo.

"Basi baki nalo, mzee," Wambui akasema, na akatembea kwa miguu hadi stendi.

Vijana wa mwaka huu wamesikia habari hii kutoka kinywani mwangu, chini ya picha yenye tai. Wengine waliniuliza kwa nini nimewaharibia Siku ya Mzee. Utoto wangu ulikuwa na watu wazima waliojua mawe yale yalikuwa wapi, wakanyamaza trekta ilipopita. Sasa mimi nasema, na waliojua wote wamekufa. Majirani wanasema boss amerukwa na akili, udongo mweusi hivyo, msimu wa pili huu hakuna hata jembe lililoingia. Baba alishindwa kuacha hatua tatu. Mimi nimeacha kipande kizima, magugu yananifika kifuani, kwa sababu sijui ni hatua zipi.